Kumwachisha Mtu Kazi kwa Haki

Meneja anapomwajiri mtu humwita ofisini, humpa kiti, humsomea masharti ya kazi na kumpa mkono. Meneja huyo huyo anapotaka kumwondoa mtu, aghalabu humkuta langoni na kumtupia maneno manne tu: "Usionekane hapa tena kesho." Mlango wa kuingilia hupewa heshima zote, na mlango wa kutokea huachwa bila taa. Hapo ndipo magomvi mengi ya kazi huzaliwa, na hapo ndipo sheria ya Uganda huweka mkono wake.

Jambo hili lawagusa kwa karibu watu wa Jinja na Mbale, na hasa nyumba za askari. Mwanajeshi au polisi anapomaliza utumishi wake, kazi ambayo raia humpa bila kusita ni kusimamia watu wengine: walinzi wa kiwanda, vibarua wa stoo, madereva na utingo wao. Mtu aliyezoea kutoa amri na kuona ikitimizwa hujikuta ghafula ana wafanyakazi wasiopiga saluti, na ana sheria nyingine mbele yake. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 haiwahusu wanajeshi wa UPDF, isipokuwa raia walioajiriwa na jeshi hilo. Lakini siku mwanajeshi anapovua sare na kukubali kuwa meneja wa stoo, sheria hiyo yamhusu yeye na kila aliye chini yake.

Miji hii miwili yajua vema maana ya kupoteza kazi. Jinja ilikua kwa umeme wa bwawa la Owen Falls, lililofunguliwa mwaka 1954, na kwa viwanda vilivyoufuata umeme huo, kikiwamo kiwanda cha nguo cha Nytil. Mwaka 1972 serikali ya Idi Amin iliwafukuza Waasia, na viwanda vingi vikabaki bila wenyewe na bila mafundi. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na wafanyakazi wake wakaachwa wakidai haki zao kwa miaka mingi. Kuanzia mwaka 1993, sheria ya kuuza mashirika ya umma ilileta wenye mali wapya, na pamoja nao orodha mpya za watu wa kuondoka.

Wanajeshi nao wana kumbukumbu yao. Kati ya mwaka 1992 na 1995 jeshi la NRA lilipunguzwa, na zaidi ya askari 36,000 wakarudi uraiani kwa awamu tatu. Hawakuambiwa tu waende zao. Iliundwa bodi maalumu ya kuwasaidia wanajeshi wa zamani. Waliandikishwa, wakapewa hati za kuachishwa utumishi, usafiri wa kurudi makwao na msaada wa kuanzia maisha. Maisha yenyewe hayakuwa mepesi huko walikorudi. Hata hivyo somo moja lilibaki: jeshi, lenye mamlaka ya kuamuru, liliona kwamba kumwondoa mtu ni kazi yenye utaratibu wake.

Na uchukuliwe sasa mfano wa sajini mmoja mstaafu. Jina lake si muhimu, kwa maana mfano huu ni wa wengi. Sajini huyu ni meneja wa duka la jumla la vifaa vya ujenzi lililoko Jinja, lenye tawi dogo Mbale. Jioni moja ya Jumamosi, mwisho wa mwezi, analetewa hesabu ya stoo ya Mbale. Mifuko 14 ya saruji haionekani. Stoo hiyo ina ufunguo mmoja, na ufunguo huo umo mikononi mwa mtunza stoo ambaye ametumikia duka hilo miaka saba. Sajini hahitaji kufikiri zaidi. Anamwambia mkewe kwamba Jumatatu alfajiri atapanda taksi kwenda Mbale, na mwizi yule hatalala tena na ufunguo wake.

Mkewe anakunja nguo za watoto. Anauliza, bila kuinua macho: "Mzee, umemwuliza yeye mifuko imekwenda wapi?"

"Nimwulize nini? Ufunguo ni mmoja."

"Miaka yote tuliyokaa kambini, sikuona askari akiadhibiwa kabla ya kusomewa kosa lake."

Sajini hakujibu, lakini neno lile lilimwingia. Alijua hati ya mashtaka ni nini. Alipata kusimama mbele ya kamati ya nidhamu akiwa kijana, akaulizwa ana la kusema, naye akasema, na maneno yake yakaandikwa. Polisi nao wana mahakama zao za nidhamu. Ikiwa mtu aliyekula kiapo cha kutii amri hupewa nafasi ya kujitetea, mtunza stoo anyimwe kwa sababu gani?

Mkewe alikuwa amegusa kiini cha sheria yenyewe. Katiba ya mwaka 1995 imeiweka haki ya kusikilizwa kwa uadilifu miongoni mwa haki chache ambazo haziwezi kupunguzwa kwa hali yoyote. Uganda iliridhia mwaka 1990 Mkataba nambari 158 wa Shirika la Kazi la Kimataifa, usemao kwamba mfanyakazi asiachishwe kazi bila sababu halali, wala asifukuzwe kwa ajili ya mwenendo wake kabla ya kupewa nafasi ya kujitetea. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 ikayaeleza hayo kwa urefu.

Sheria hiyo yatenganisha mambo mawili ambayo mazungumzo ya mitaani huyachanganya. La kwanza ni kufukuzwa, yaani mtu kuondolewa kwa kosa lake mwenyewe linaloweza kuthibitishwa. La pili ni kuachishwa, yaani mtu kuondoka kwa sababu halali isiyo kosa: mkataba umekwisha, umri wa kustaafu umefika, au kazi yenyewe imetoweka. Meneja asiyejua anatumia njia ipi hujichanganya mwenyewe. Humwandikia mtu barua ya kumwachisha, kisha humwita mwizi mbele ya majirani. Au humfukuza kwa kosa, kisha hujificha nyuma ya notisi ili asiulizwe ushahidi. Kazi ya kwanza ya meneja, kabla ya kuchukua kalamu, ni kujiuliza: je, huyu anaondoka kwa kosa, au anaondoka kwa sababu nyingine? Kwa maana shauri likifika mbele, ni mwajiri atakayetakiwa kuthibitisha sababu aliyoitoa. Mfanyakazi hatakiwi kuthibitisha kwamba hakuiba.

Jumatatu sajini alisafiri kama alivyokusudia. Taksi ilipita Iganga, ikaiacha njia ya Tororo pale Nakalama, ikakata Namutumba, Tirinyi na Budaka, hata mlima wa Wanale ukaonekana juu ya mji wa Mbale. Lakini mfukoni mwake hakuwa na barua ya kufukuza. Alikuwa na barua nyingine. Ilitaja tarehe ya hesabu, idadi ya mifuko iliyokosekana, na kosa analodhaniwa mtunza stoo kulitenda. Ilimwita mbele ya kikao Ijumaa ya juma hilo. Ilimwambia kwamba anaweza kuja na mtu amtakaye, na kwamba anaruhusiwa kuyatazama madaftari ya stoo ili ajiandae.

Kila kimoja katika barua hiyo kina sababu yake. Sheria yataka mfanyakazi aelezwe, katika lugha ambayo yatazamiwa kuwa ataifahamu, kwa nini mwajiri anafikiria kumfukuza. Katika mji kama Mbale, mtu aweza kuzungumza Kigisu nyumbani na Kiswahili stoo, huku barua za ofisi zikiandikwa kwa Kiingereza. Basi barua isiyosomeka kwa aliyeandikiwa ni sawa na barua isiyoandikwa. Sheria yasema tena kwamba mfanyakazi ana haki ya kuwa na mtu mwingine wa kuchagua kwake mwenyewe, na kwamba mwajiri hana budi kuyasikiliza na kuyapima maneno ya wote wawili. Yataka pia apewe muda wa kutosha wa kujiandaa.

Mahakama Kuu ya Uganda iliyaeleza masharti hayo waziwazi katika shauri nambari 133 la mwaka 2012, ambamo mfanyakazi aliishtaki kampuni ya Umeme, iliyokuwa ikisambaza umeme nchini wakati huo. Mahakama ilisema kwamba mfanyakazi apelekewe tuhuma zake kwa maandishi na apewe nafasi ya kutosha kuandaa utetezi. Aelezwe haki zake. Aruhusiwe kufika na kujieleza mwenyewe, na kuwauliza maswali mashahidi wanaomshtaki. Naye asikilizwe na kamati isiyopendelea upande wowote. Sharti la mwisho ndilo linalosahauliwa zaidi. Mtu aliyemshitaki mtunza stoo asiwe ndiye pia anayehukumu. Sajini, kwa kuwa ndiye aliyeandika tuhuma, alimwomba mwenye duka akae kitini pamoja na mhasibu, naye sajini akasimama upande wa kueleza tu.

Ijumaa mtunza stoo alikuja amevaa shati lililopigwa pasi. Alikuja na mpakiaji mmoja wa stoo hiyo, mtu mzima wa umri wake. Aliulizwa ana la kusema.

"Afande," alisema, "ile saruji haikutoka stoo. Haikuingia."

Akafungua kidaftari chake. Lori la tarehe 12 lilifika magharibi, mvua ikinyesha. Dereva alikuwa na haraka ya kurudi Jinja. Hati ya kupokelea ilisema mifuko 300, naye akatia sahihi mifuko 300 bila kuhesabu. Kesho yake asubuhi alihesabu, akapata 286. Alimpigia simu karani wa Jinja, naye akamwambia kwamba jambo hilo litarekebishwa. Aliliandika katika kidaftari chake, wala hakumwandikia mtu mwingine yeyote. Mpakiaji akasema kwamba yeye ndiye aliyeihesabu mifuko ile asubuhi hiyo.

Kikao kiliahirishwa. Sajini alirudi Jinja siku hiyo hiyo, akaenda moja kwa moja kwenye kibanda cha mlinzi wa lango, akaomba daftari la magari. Mlinzi yule, polisi mstaafu, huhesabu kila kinachotoka. Tarehe 12 ameandika kwa mwandiko wake: saruji, mifuko 286. Saruji ilipotea Jinja kabla ya lori kuwashwa moto, baina ya meza ya karani aliyeandika ankara ya mifuko 300 na lango lililoshuhudia 286.

Hapa ndipo penye faida ambayo mameneja wengi hawaioni. Wao hudhani kwamba kumsikiliza mtuhumiwa ni fadhila anayotendewa, au ni mtego uliowekwa na sheria ili kumchelewesha mwajiri. Lakini kama sajini angalifuata shauri la hasira yake Jumatatu ile, mtunza stoo angaliondoka na jina baya, watoto wake wangalirudishwa shuleni kwa kukosa ada, na mwizi mwenyewe angalibaki Jinja akiandika ankara nyingine. Kikao kiliokoa jina la mtu mmoja na mali ya mtu mwingine.

Mtunza stoo hakuwa hana kosa hata kidogo. Alitia sahihi bila kuhesabu, wala hakutoa taarifa ya maandishi. Kwa hilo alipewa barua ya onyo, naye akaipokea. Adhabu ilienda sawa na kosa. Sheria yatambua ngazi kabla ya kufukuza, kama vile onyo la maandishi, karipio na kusimamishwa kazi, ili meneja asiruke moja kwa moja hadi ngazi ya juu. Yaweka vilevile mpaka wa wakati: mwajiri asipotoa adhabu ndani ya siku 15 tangu alipopata habari ya kosa, pasipo sababu isiyo ya kawaida, huhesabiwa kuwa ameacha haki yake ya kuadhibu. Kosa la mwaka jana halihifadhiwi kabatini likingoja siku meneja atakapoamka vibaya.

Karani wa Jinja alisimamishwa kazi wakati wa uchunguzi. Hilo pia lina kipimo. Mwajiri anayefanya uchunguzi aweza kumsimamisha mfanyakazi kwa nusu mshahara, lakini kusimamishwa huko kusizidi wiki nne au muda wa uchunguzi wenyewe, wowote ulio mfupi. Kumwambia mtu akae nyumbani bila mshahara mpaka atakapoitwa, na kisha kutomwita, ni kumfukuza kwa mlango wa nyuma.

Karani naye aliandikiwa barua, akapewa siku za kujiandaa, akaja na kaka yake. Aliwekewa mbele ankara, daftari la lango na hati ya Mbale, akaruhusiwa kumwuliza mlinzi maswali. Hakuweza kueleza mifuko ile, wala mingine tisa ya mwezi uliotangulia. Alifukuzwa kazi mara moja, bila notisi, kwa maana sheria yaruhusu hivyo pale ambapo mwenendo wa mfanyakazi umevunja kabisa msingi wa mkataba wake. Lakini na ieleweke vema: kufukuza bila notisi si kufukuza bila kusikiliza. Mwajiri asiyemsikiliza mtu kabla ya kumfukuza hana budi kumlipa mshahara halisi wa wiki nne, hata kama sababu ya kumfukuza ilikuwa ya haki kabisa. Na mahakama ikiona kwamba ufukuzaji haukuwa halali, yaweza kuongeza fidia nyingine juu ya hiyo.

Palikuwa na mtu dukani aliyeshauri kwamba karani afungiwe kituoni mpaka ndugu zake walipe saruji. Shauri hilo ni baya, na askari polisi wasomao ukurasa huu wajua sababu yake. Wizi ni jinai, na mwajiri ana haki ya kuripoti. Lakini mahabusu si ofisi ya kukusanyia madeni. Katiba yataka mtu aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 48. Shauri la ajira humalizwa na mwajiri kwa utaratibu wake; shauri la jinai humalizwa na hakimu. Sajini aliripoti, akaandikisha maelezo, akaacha sheria iende njia yake.

Sasa na iulizwe: ingekuwaje kama pasingekuwa na kosa lolote, bali biashara ya Mbale imedorora na mwenye duka ataka kulifunga tawi? Hapo njia ni ile ya pili, na msingi wake ni notisi ya maandishi. Aliyefanya kazi zaidi ya miezi 6 lakini chini ya mwaka hupewa wiki mbili. Wa mwaka mmoja hadi chini ya mitano hupewa mwezi mmoja. Wa miaka mitano hadi chini ya kumi, miezi miwili. Wa miaka kumi na zaidi, miezi mitatu. Mtunza stoo wa miaka saba anastahili basi miezi miwili. Kama mshahara wake ni shilingi 400,000 kwa mwezi na mwenye duka ataka aondoke leo, atamlipa shilingi 800,000 badala ya notisi, mbali na haki zake nyingine. Na kama wanaoachishwa kwa sababu za kiuchumi ni kumi au zaidi katika muda wa miezi mitatu, mwajiri hana budi kuwaeleza wawakilishi wa chama cha wafanyakazi mapema, si chini ya wiki nne kabla ya mtu wa kwanza kuondoka, na kumwarifu Kamishna wa Kazi kwa maandishi, akitaja sababu, idadi na aina ya wafanyakazi wenyewe.

Duka likiuzwa kwa mtu mwingine nalo likaendelea na biashara yake, wafanyakazi hawaondoki na mwenye duka wa zamani. Mikataba yao huhamia kwa mnunuzi pamoja na miaka yao ya utumishi. Anayenunua rafu na mizani anunua pia ahadi zilizotolewa kwa wale wanaozihudumia.

Ziko sababu nyingine ambazo sheria imezikataza kabisa, hata zikisemwa kwa upole namna gani. Mtu asiachishwe kazi kwa sababu ya ujauzito. Wala kwa kuwa amechukua likizo anayostahili. Wala kwa kuwa mwanachama wa chama cha wafanyakazi au kwa kukataa kujiunga nacho. Asiachishwe kwa ajili ya rangi, jinsia, dini, siasa, asili yake, ndoa yake, ulemavu au virusi vya Ukimwi. Asiachishwe kwa kuwa alimlalamikia mwajiri kwa nia njema. Wala asiachishwe kwa kutokuwapo kazini kwa muda, hadi miezi mitatu, ikiwa sababu yake ni ya kuaminika kama vile ugonjwa au kuumia. Mke wa askari aliyejifungua anazo siku 60 za kazi za likizo ya uzazi yenye malipo, na kiti chake hakimo mnadani wakati huo.

Wakina mama wa nyumbani wasidhani kwamba maneno haya ni ya maduka na viwanda peke yake. Msichana wa kazi anayelala jikoni na kuamka kabla ya wote ni mfanyakazi mbele ya sheria hiyo hiyo. Ikiwa sukari imepungua, aulizwe kabla ya kufungiwa virago. Ikiwa mwenye nyumba amehamishiwa kambi nyingine na hamhitaji tena, apewe notisi yake na mshahara wake, si nauli ya basi tu. Aliye katika muda wa majaribio, ambao hauzidi miezi 6 isipokuwa mwenyewe amekubali kuuongeza, hupewa notisi ya siku 14 au mshahara wa siku 7.

Anayeona kwamba ameondolewa kwa dhuluma, naye amefanya kazi si chini ya wiki 13 mfululizo, na aende kwa Afisa wa Kazi wa mahali pake ndani ya miezi mitatu. Asikae nyumbani akingoja hasira ya mwajiri itulie, kwa maana siku hazimngojei. Afisa wa Kazi husikiliza na kujaribu kupatanisha, na shauri laweza kufika hadi Mahakama ya Viwanda. Achukue mkataba wake, barua zake, hati za mshahara na jina la mtu aliyeshuhudia. Asiye na karatasi pia asikilizwe, lakini mwenye karatasi husikilizwa upesi zaidi.

Zabaki haki ambazo hata aliyefukuzwa kwa kosa hapotezi. Ndani ya siku 7 tangu kazi ilipokoma, alipwe mshahara wa siku alizofanya kazi na malipo mengine aliyokwisha kustahili. Michango ya NSSF, asilimia 5 kutoka mshahara wake na asilimia 10 kutoka kwa mwajiri, ni akiba yake. Si rehani ya saruji. Na akiomba hati ya utumishi, apewe. Hati hiyo hutaja jina la mwajiri, aina ya kazi, muda aliotumika na mshahara wake wa mwisho. Sababu ya kuondoka haiandikwi ndani yake, isipokuwa mfanyakazi mwenyewe ameomba iandikwe.

Siku ya sita karani alikuja dukani Jinja. Hakuja na kaka yake safari hii. Alihesabu pesa zake mbele ya mhasibu, akatia sahihi, kisha akaomba hati ya utumishi kwa sauti ndogo, kama mtu asiyetazamia kupewa. Sajini alikaa mezani. Kalamu ilikuwa mkononi mwake, na neno moja la herufi tano lilikuwa karibu sana na ncha ya kalamu hiyo. Aliandika jina, kazi ya ukarani, miaka mitatu, na kiasi cha mshahara. Akapiga muhuri. Shauri la wizi lilikuwa na mahali pake, na mahali hapo hapakuwa karatasi ile.

Karani aliisoma, akaikunja mara mbili, akaitia mfukoni na kuondoka kwa kupitia lango ambalo mlinzi alimfungulia. Jioni ile simu ilipigwa kutoka Mbale: lori limefika, mifuko imehesabiwa kwanza, ndipo sahihi ikatiwa.